Je, Kuhamisha Mti ni Kusahihisha Kazi ya Mungu?



Mwishoni mwa mafundisho yetu juu ya utunzaji wa viumbe, mzee mmoja wa shirika letu, mtu aliyenizidi umri na ambaye ninamheshimu sana, alisimama akasema: «Mwalimu, kila mti Mungu ameuweka mahali pake. Anayeung'oa na kuupeleka kwingine, hata akisema anauokoa, anasahihisha kazi ya Mungu.» Watu walimpigia makofi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu saa ilikuwa imekwisha, tena si adabu kumjibu mzee kwa haraka mbele ya watu. Lakini ukimya wa mwalimu huhesabiwa kuwa ni kukubali, nami sikukubali. Leo ninamjibu kwa maandishi, kwa heshima yote, lakini bila kuzunguka: mzee wangu, umekosea, na kosa hilo si dogo, kwa maana tukilifuata, kuna viumbe watakaokufa huku sisi tumekunja mikono na kujiona watakatifu.

Tuanze na mti mmoja, ili tusibishane hewani.

Katika jimbo la Florida, kusini mwa Marekani, unapita mto uitwao Apalachicola. Kwenye ukingo wake wa mashariki, ndani ya makorongo yenye kivuli na unyevu, unaota mti ambao wataalamu wameupa jina la Torreya taxifolia. Sisi tuuite mtoreya. Majani yake ni ya kijani mwaka mzima, membamba na yenye ncha kama sindano, na ukiyaponda hutoa harufu kali. Duniani kote mti huu hauna makao mengine ya asili isipokuwa makorongo hayo na kipande kidogo cha mpakani katika jimbo jirani la Georgia. Zamani ilihesabiwa kuwa mamia ya maelfu, na wenyeji waliikata wapate mbao na nguzo za uzio. Katikati ya karne ya 20 maradhi yakaishukia. Leo inakadiriwa kwamba katika kila miti 100 ya zamani, takriban 99 imetoweka. Ile iliyosalia, kwa sehemu kubwa, ni machipukizi tu yanayotoka kwenye visiki. Yanakua kidogo, yanashambuliwa na kuvu, yanakauka kabla hayajazaa mbegu. Mwaka 1984 serikali ya Marekani iliuandika mti huu katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Mwezi wa kumi wa mwaka 2018, tufani iliyoitwa Michael ilipita juu ya makorongo hayo na kuangusha miti mikubwa iliyokuwa ikiyatia kivuli.

Kuna jambo katika habari za mti huu ambalo katekista hawezi kulipita bila kusimama. Katika karne iliyopita mwanasheria mmoja wa eneo lile, Elvy Callaway, aliwatangazia watu kwamba bustani ya Edeni ilikuwa pale pale kando ya mto Apalachicola, na kwamba mtoreya ndio ule mti ambao Nuhu alichongea safina. Hatulazimiki kumwamini, Maandiko hayatufundishi jiografia ya Florida. Lakini tazameni: mti ambao watu waliuita mti wa safina, leo ndio unaohitaji safina. Nani ataichonga?

Walitokea raia wa kawaida, wapenzi wa mimea, wakajiita Torreya Guardians, yaani walinzi wa mtoreya. Walisema: tusingoje mti huu ufe mahali pake, tuupeleke kaskazini, kwenye milima yenye baridi zaidi. Mwaka 2004 hoja yao ilijadiliwa hadharani, wengine wakiitetea na wengine wakiipinga kwa nguvu. Mwaka 2008 wakapanda miche 31 katika ardhi ya watu binafsi huko North Carolina, zaidi ya kilomita 500 kutoka makorongo ya asili. Hawakuwa wakibahatisha kabisa. Katika milima ya jimbo hilo hilo, kwenye bustani ya Biltmore mjini Asheville, mitoreya ilipandwa zaidi ya nusu karne kabla yao, na miti hiyo iliishi, ikakua, ikazaa mbegu. Huko kwao haizai, ugenini inazaa. Mzee wangu, nakuuliza: katika sehemu hizo mbili, ipi ni mahali pake?

Hapa ndipo neno «mahali pake» linapoanza kutetereka. Wapo wataalamu wa mimea wanaofikiri kwamba mtoreya haukuwa wa Florida tangu mwanzo. Katika zama za barafu, baridi ilipoifunika kaskazini ya Amerika, mimea mingi ilisogea kusini kizazi kwa kizazi, na joto liliporudi, mingi ikarejea kaskazini. Mtoreya, wasema hao, ulishindwa kurudi. Mbegu yake ni kubwa na nzito; upepo hauwezi kuibeba; hubebwa na kindi, na kindi haendi mbali. Kwa hoja hii, makorongo ya Apalachicola si nyumbani kwa mtoreya bali ni mahali ulipokimbilia, ukakwama. Sisi watu wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufundishwa tofauti kati ya kijiji na kambi. Tunawajua watoto waliozaliwa kambini, ambao hawajakiona kijiji cha baba zao. Je, kuna mmoja wetu atakayesema kwamba kwa kuwa mtoto amezaliwa chini ya hema, Mungu amemweka hemani, na anayemrudisha kijijini anasahihisha kazi ya Mungu?

Lakini tuseme hoja hiyo ya zama za barafu si kweli, na mtoreya ni mzaliwa halisi wa Florida. Hata hivyo hoja ya mzee haisimami. Nendeni nyumbani mkatazame sahani zenu. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Uliletwa na mabaharia Wareno katika karne ya 16. Mahindi yalitoka Amerika, na maharagwe tunayoyapenda hivi nayo yalitoka huko. Mikaratusi inayofunika vilima vya Kivu asili yake ni Australia. Mkinini, ambao magome yake yaliokoa wagonjwa wasiohesabika wa malaria, ni mti wa milima ya Andes. Waholanzi waliupeleka Java katika karne ya 19, na baadaye ukapandwa hata katika vilima vyetu. Tukimfuata mzee kwa ukamilifu, kesho asubuhi inatubidi tung'oe mashamba yetu yote na kulala njaa. Hakuna anayetaka hivyo. Basi tuseme ukweli: tunakubali kuhamisha mmea kwa ajili ya tumbo letu, ila tunapoambiwa tuuhamishe kwa ajili ya uhai wake wenyewe, hapo ndipo tunapomkumbuka Mungu na mpangilio wake. Unyenyekevu wa namna hiyo mimi siuamini.

Kuna hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza, anayeidharau hajasoma. Husemwa: mmea uhamishwao waweza kugeuka adui wa mahali ulipopelekwa, au kubeba adui ndani yake. Ni kweli, na ushahidi uko mbele ya macho yetu. Gugu maji, lenye ua zuri la zambarau, lilitoka Amerika ya Kusini kwa ajili ya uzuri wake. Katika miaka ya 1950 lilikuwa limeshauvamia mto Kongo, likaziba njia za mitumbwi na nyavu za wavuvi. Miaka 30 baadaye likaenea katika ziwa Victoria. Huko Marekani kwenyewe, kuvu iliyofika pamoja na michestinati ya Asia ilitambuliwa mjini New York mwaka 1904, na katika muda wa nusu karne ikaua michestinati ya Amerika inayokadiriwa kuwa bilioni 3 au 4. Walioiagiza miche ile hawakuwa watu wabaya. Walipenda miti, wakaleta mauti bila kujua.

Na katika habari ya mtoreya hatari hiyo si ya kubuni. Kuvu inayouua imekwisha kutambuliwa na kupewa jina, na watafiti wa Florida wameonya kwamba miche iliyoambukizwa yaweza kuipeleka katika misitu ya kaskazini, ambako iko miti mingine isiyo na kinga. Onyo hilo nalipokea lote. Anayechukua jembe na gari lake akabeba miche bila kuipima, kwa kuwa tu moyo wake unamsukuma, hatofautiani na wale walioleta kuvu ya michestinati. Moyo mwema haukuwazuia wao kuua.

Lakini angalieni hoja hii inatufikisha wapi. Inatufundisha kupima, kuchagua, kwenda polepole na kubaki tukilinda kile tulichokipanda. Haituambii tukae tu. Daktari anayejua kwamba dawa yaweza kuua hupima kipimo chake, wala haifungii dawa kabatini akamtazama mgonjwa akikata roho. Tena iko tofauti kubwa kati ya kuvusha gugu bahari nzima, gugu linaloongezeka upesi katika kila maji, na kusogeza mti unaokua polepole, wenye mbegu chache na nzito, ndani ya bara lile lile, kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Anayeviweka vitu hivi viwili katika kapu moja hafikiri; anaogopa tu.

Wala si wapenzi wa mimea peke yao wanaosema hivyo. Huko Canada, katika jimbo la British Columbia, idara ya misitu ilianza mwaka 2009 majaribio makubwa ya kupanda aina 15 za miti katika viwanja 48, kuanzia kaskazini ya California hadi Yukon, ili kujua mbegu ya mahali gani itastahimili hali ya hewa ya kesho. Mwaka 2013 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ulitoa mwongozo juu ya kuhamisha viumbe kwa ajili ya kuviokoa, ukitaka hatari ipimwe kabla na kiumbe kifuatiliwe baadaye. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilibadilisha kanuni zake ili kuruhusu viumbe vilivyo hatarini kupelekwa hata nje ya maeneo vilikowahi kuishi, pale makao yao yanapokuwa hayafai tena. Njia ya kati ipo, na watu wanaipita.

Nafika sasa kwenye hoja ya tatu, ambayo hakuna aliyeisema siku ile, nami nasikitika kwamba hakuna aliyeisema. Kwa nini mimea inahitaji kuhamishwa? Kwa sababu dunia inapata joto, na joto hilo halikuja lenyewe. Limetoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa, kwa sehemu kubwa, na mataifa yaliyotajirika kwa kuvichoma, na katika misitu inayokatwa. Mti haukutenda kosa. Mkulima wa Kabare au wa Lubero, asiye na gari wala umeme, sehemu yake katika kosa hilo ni kama tone katika ziwa. Na hapa ninaona mtego. Ataondoka mtu mwenye kiwanda, atatoa fedha za kuhamisha aina moja ya mti, atapigwa picha akishika mche, kisha atarudi kazini kuchoma kama jana. Kuhamisha mimea kutakuwa kwake hati ya kumruhusu kuendelea.

Ndugu, sisi tunaojua maana ya kitubio hatupaswi kudanganywa kwa njia hiyo. Mwizi anayerudisha mbuzi mmoja huku usiku anaendelea kuvunja zizi hajatubu. Kutubu kuna kuacha, na kuna kurudisha. Moja bila jingine ni mchezo. Kuhamisha mti ulio karibu kufa ni sehemu ya kurudisha, wala hakuwezi kushika nafasi ya kuacha. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini, akakumbusha kwamba viumbe vina thamani yao mbele ya Mungu hata pasipo faida kwetu. Anayeichukua nusu ya mafundisho hayo, akaokoa mti na kumwacha maskini aungue, au akamtetea maskini na kuuacha mti ufe, hajaisoma barua yote.

Lakini kutoka hapo mtu asirukie kusema: basi tungoje mataifa makubwa yaache kuchoma, ndipo tuhamishe. Mtoreya hauna muda huo. Moto ukiwa ndani ya nyumba, mmoja humkamata mchomaji na mwingine humtoa mtoto, hawasubiriani.

Sasa turudi kwetu, maana mambo haya si ya Florida peke yake. Walioko Beni na Butembo wanaijua Ruwenzori. Mwaka 1906, Mwitalia mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi alipoupanda mlima ule, barafu yake ilifunika karibu kilomita 7 za mraba. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki karibu kilomita 1 tu. Chini ya barafu hiyo huota lobelia kubwa na senesio zenye vichwa kama kabichi, mimea iliyozoea joto la mchana na baridi kali ya kila usiku. Kila ukipanda mita 1000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Kwa hiyo dunia ikipata joto, mmea wa mlimani hutafuta baridi yake juu zaidi, ukiweza. Lakini mlima una mwisho. Kilele cha Margherita kiko mita 5109, na juu yake ni mawingu tu. Mmea ukifika huko utakwenda wapi?

Msidhani jibu ni jepesi. Tukisema tuipeleke Kilimanjaro au mlima Kenya, ambako iko milima mirefu zaidi, tutakuta huko lobelia za huko, tofauti na zetu, na tukizichanganya twaweza kuharibu zote mbili. Pengine kwa mimea hii kilicho bora ni kuhifadhi mbegu mapema, kabla haijawa michache. Nayasema haya ili mwone kwamba sitetei kila uhamisho. Natetea wajibu wa kuuliza, mmea kwa mmea: huyu atapona akibaki? Akihamishwa? Na kama hapana, tutunze nini chake?

Iko pia kahawa. Arabika ya vilima vya Kivu ni mgeni; asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Joto likizidi, mkulima atataka kuipandisha juu, na huko juu atakutana na mpaka wa hifadhi, Virunga au Kahuzi-Biega. Hapo kuhamisha mmea kunakuwa habari ya ardhi na ya watu, na mwenye kuliamua jambo hilo ofisini bila kumwita mkulima atakuwa amepanda ugomvi. Na robusta je? Hiyo ni yetu. Msitu wa Kongo ni mmoja wa misitu iliyoizaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilichukuliwa kutoka Kongo, ikapitia Bruxelles, ikafika Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeua arabika. Iliokoa mashamba ya watu wengine. Ni nani aliyemuuliza Mkongo? Na mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa Brazili mbegu za mpira zipatazo 70 000; kutokana nazo yakastawi mashamba ya Asia, na biashara ya mpira ya Amazoni ikaanguka. Historia hiyo inatufundisha kwamba mbegu inaweza kuokolewa na inaweza kuibwa, na mara nyingi mkono unaotenda mambo hayo mawili unafanana.

Kwa hiyo naweka masharti matatu, nami nitayatetea mbele ya yeyote. La kwanza: mmea usihamishwe kabla haujapimwa usibebe maradhi, na kabla mahali pa kuupokea hapajachunguzwa. La pili: wenyeji wa mahali unapotoka na wenyeji wa mahali unapokwenda waulizwe, na faida ikipatikana wagawiwe, kama yanavyotaka makubaliano ya Nagoya ya mwaka 2010. La tatu: anayegharimia uhamisho asihesabiwe kuwa amelipa deni la moshi wake. Masharti haya yakitimizwa, anayekataa bado kwa kusema «Mungu ameuweka hapo» anamsingizia Mungu uvivu wetu.

Na sisi tufanye nini, tusio na maabara wala ndege? Tunaweza zaidi ya tunavyofikiri. Wazee wetu wanajua mti gani ulikuwa ukiota kwenye kijito na sasa hauonekani. Tuyaandike majina hayo kwa kinyarwanda, kwa kinande, kwa mashi, kwa kilega, kabla wenye kuyajua hawajazikwa nayo. Shule zetu zina viwanja; watoto waweza kutunza vitalu vya miti ya asili, mbegu zikiwa zimeandikwa zimetoka kilima gani na mwaka gani. Siku mtaalamu atakapokuja kutafuta mbegu ya mti uliotoweka, aikute kwetu, na atukute tukiwa na daftari mkononi.

Mzee wangu, namalizia kwa kurudi kwako. Uliyosema yalitoka katika moyo unaomcha Mungu, nami sitaki kuupunguza uchaji huo. Lakini kumbuka yule mzee mwingine, wa zamani, aliyesikia kwamba maji yanakuja. Hakusema kwamba kila mnyama abaki pale alipozaliwa, na mapenzi ya Mungu yatimizwe. Alichonga, akapaka lami, akapima urefu na upana kama alivyoagizwa, akawaingiza wawili wawili, akawalisha mpaka nchi ikakauka. Hakuna aliyemwambia kwamba anasahihisha kazi ya Mungu. Tuonane Jumapili baada ya Misa, tuendelee na maneno haya chini ya ule mti wa parokia, ambao, kama hujui, ni mkaratusi.